Ng'ombe Waliokataa Maji ya Mfereji

Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1998. Tangu alfajiri upepo mkavu ulivuma kutoka mbugani, ukirusha vumbi hadi ndani ya sufuria zilizofunikwa. Mawingu yalijikusanya juu ya milima upande wa Kidodi, yakakaa kidogo, yakatawanyika bila kuangusha tone.

Marselina Ulimboka hakuweza kutulia siku hiyo. Alikaa kwenye kigoda nje ya kibanda cha mashine, akainuka, akazunguka tangi, akarudi kukaa, akainuka tena. Mashine ilinguruma kama kawaida. Maji yalitoka, tena kwa wingi kuliko mwezi uliopita. Kilichomkosesha raha ni ng'ombe wa mfugaji Nkoile. Walikuwa wamefika kwenye mfereji wanakokunywa kila siku, wakanusa, wakainua vichwa na kugeuka.

Kibanda hicho kilikuwa nyuma ya hoteli ya Goodluck, kando ya barabara kuu pale Mikumi, mahali mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama abiria wapate kula. Goodluck alikuwa karani wa ushirika Kilosa mpaka ushirika ulipomfia mikononi. Biashara zilipofunguliwa kwa kila mwenye ubavu, akajenga hoteli na kuchimba kisima. Kisima kikatoa maji ya chumvi. Chai ikawa chungu, maharage yakakataa kuiva, abiria wakauliza kama mpishi ana ugomvi nao. Ndipo akanunua Dar es Salaam mashine ya mtumba ya kutoa chumvi kwenye maji, akamleta fundi Kasiani kutoka Morogoro kuifunga. Marselina, aliyekuwa akimenya viazi jikoni, akapewa kazi ya kuiangalia.

Siku ya kufunga, Kasiani alimwonyesha bomba nene jeupe, akamwambia kwamba ndani yake umeviringishwa utando, mwembamba kama ile ngozi iliyo chini ya ganda la yai.

"Ni chujio, fundi?"

"Chujio lina matundu unayoyaona, mama. Huu huoni tundu hata moja. Maji yanapenya, chumvi inabaki."

"Sasa nani anayeyachagua?"

Kasiani alicheka. "Wewe si ulikuwa jikoni? Ukikata tango la kachumbari ukalinyunyizia chumvi, baadaye unakuta nini kwenye bakuli?"

"Maji."

"Yametoka ndani ya tango. Kila chembe ya tango ina utando wake, na chumvi ya nje inayavuta maji yatoke. Kwa kawaida yake maji huifuata chumvi. Hapa tunayalazimisha kwa pampu yaikimbie. Pampu ikizima, yanarudi kwenye tabia yake."

Kabla ya kupanda basi alimwachia onyo moja: utando ule usije ukaoshwa kwa sabuni wala kwa dawa ya kung'arishia mashuka.

Marselina aliyashika maneno hayo kwa sababu zake mwenyewe. Baba yake, Mzee Tomasi, aliyefanya kazi ya reli stesheni ya Kilosa mpaka alipopunguzwa, alikuwa amevimba miguu hadi viatu vikawa havimwingii. Hospitalini Kilosa daktari alieleza kwamba figo za mzee zimechoka kuchagua kipi kibaki kwenye damu na kipi kitoke na mkojo. Chumvi ipunguzwe, alisema, hata ile ya kwenye maji ya kunywa. Marselina alipoyasikia hayo aliliona akilini lile bomba jeupe, akaelewa kuliko daktari alivyodhani. Alimwomba Goodluck ruhusa ya kuchukua dumu moja la maji matamu kila siku, akaruhusiwa. Baada ya muda mzee alivaa viatu tena, akaanza kwenda kanisani bila fimbo. Dumu lile ndilo lililomfunga Marselina na kazi ile kuliko mshahara.

Maji yaliyokataliwa na utando yalitoka kwa bomba la pili, yakamwagika kwenye mfereji nyuma ya ua. Yalikuwa na chumvi maradufu, mtu asingeweza kuyanywa. Lakini ng'ombe wa Nkoile, mama wa Kimaasai aliyehamia na familia yake kutoka upande wa Msowero, waliyapenda kama watoto wapendavyo miwa. Walisukumana mpaka wakakanyagana. Kingo za mfereji ziliota ganda jeupe la chumvi, nalo walililamba.

Jumanne ile, basi, Nkoile alisimama akiegemea fimbo yake, akawatazama ng'ombe wakigeuka.

"Mama Devota," aliita, kwa jina la binti wa Marselina, "leo umetupikia nini? Wageni wangu wanasema chakula hakina chumvi."

"Labda wameshiba, Mama Seuri," Marselina naye alimjibu kwa jina la mwanawe.

"Ng'ombe ashibe Oktoba? Wewe umewahi kuona? Hata jana walikunywa kwa adabu tu, kama wamekwenda kwa wakwe."

Marselina alicheka, lakini kicheko kilimkauka. Aliinama, akachota maji ya mfereji kwa kiganja, akaonja. Yalikuwa maji ya kisima tu, yale yale yanayoingia. Chumvi iliyopaswa kubaki huku imekwenda wapi?

Alikwenda kwenye tangi la maji matamu, akafungua koki na kuonja. Kwanza ilikuja harufu ya dawa. Akasubiri, akayazungusha mdomoni. Chini ya dawa ilikuwepo chumvi, imetulia kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

Hapo mambo yote ya siku zile yalijipanga. Kipindupindu kilikuwa kimesikika Kilosa mjini, na bwana afya akapita hotelini na makopo ya klorini, akaagiza kila tangi la kunywa litiwe. Goodluck alimpa Marselina kopo. Alitia kwenye tangi la maji matamu kama alivyoagizwa, lakini moyo haukumtulia. Akamfikiria baba yake. Akaona ni heri uchafu ufie mlangoni, akatia na kwenye tangi la juu linalopokea maji ya kisima, kabla hayajaingia kwenye mashine. Akaendelea hivyo kila asubuhi. Onyo la Kasiani alilikumbuka, lakini yeye hakuwa ameosha kitu. Alikuwa ametia dawa ya maji kwenye maji.

Baada ya hapo maji yaliongezeka. Tangi lilijaa mapema, na Goodluck akamsifu mbele ya wapishi: "Mashine ya Marselina imepata ujana!" Wateja walilalamikia harufu ya dawa tu. Na wiki ile miguu ya mzee ilikuwa imeanza kuvimba tena. Marselina akawalaumu dagaa walioletwa na jirani.

Alizima pampu. Akaiwasha. Akaizima tena. Angeweza kunyamaza, nani angemshuku, na maji yanatoka? Goodluck akijua, atamfukuza, na dumu la baba litakwenda na kazi. Alitembea hadi jikoni, akarudi. Kisha alikumbuka dumu la asubuhi, lililokwisha kufika nyumbani, akatoka karibu anakimbia.

Mzee Tomasi alikuwa kibarazani, kikombe mkononi, miguu imewekwa juu ya kigoda.

"Shikamoo, Baba. Usinywe hayo."

"Marahaba. Nimekwisha kunywa mawili. Yana nini?"

"Yana chumvi. Utando umekufa. Nimeuua mimi, kwa dawa." Alimpokonya kikombe, akayamwaga maji kwenye mche wa mpapai, kisha akajuta hata kwa mpapai.

Mzee aliitazama miguu yake. "Kwa hiyo mimi na figo zangu na mashine yako tumepunguzwa kazi pamoja."

"Baba, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Na huko hotelini wamejua?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa, mwanangu?"

Alirudi. Goodluck alikuwa akipanga kreti za soda, basi la Mbeya likitarajiwa muda wowote. Marselina alimweleza yote bila kukaa. Goodluck hakuamini.

"Maji yamezidi, wewe unasema imekufa?"

"Yamezidi kwa sababu hakuna tena cha kuyazuia, bosi. Onja."

Alionja. Akatema. Wakaongozana hadi kituo cha mafuta kwenye simu, na Goodluck akampigia Kasiani Morogoro. Fundi aliuliza maswali mawili tu: maji yameongezeka? Dawa imetiwa kabla ya mashine au baada? Kisha akatoa jibu, na sauti yake ilisikika hadi aliposimama Marselina. Utando umeliwa na klorini, ndiyo ile ile iliyomo kwenye dawa ya kung'arishia mashuka. Lilikuwepo pipa la makaa mbele yake la kuikamata dawa ya aina hiyo, lakini makaa yalichoka tangu mashine ikiwa kwa mwenyewe wa kwanza. Utando mpya uagizwe nje, na haujulikani utafika lini.

Goodluck alirudisha simu mahali pake polepole. "Nilikuambia utie tangi moja."

"Uliniambia, bosi."

"Na mimi makaa niliambiwa nibadilishe, nikaona yanaweza kungoja." Alijifuta vumbi usoni. "Nenda nyumbani. Mashine ikipona nitakuita. Nisipokuita, usinifuate."

Marselina hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwenye mfereji, ambako Nkoile alikuwa akiwakusanya ng'ombe waondoke.

"Mama Seuri, nyinyi maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Kwenye mchanga wa mto, juu kule, kabla haujafika kwenye udongo wa magadi. Ukichimba kwa mkono yanakuja yenyewe, matamu. Lakini ni mbali, na wewe ni mtu wa mashine."

"Nimekuwa mtu wa miguu. Utanionyesha?"

Nkoile alimtazama, akautazama mfereji. "Na hawa wangu nitawapa chumvi gani?"

Marselina aliutazama weupe wa kwenye kingo, kisha akaenda nyumbani. Usiku ule usingizi wake ulikuwa wa kugeukageuka, na kila alipomsikia baba yake akikohoa aliketi.

Asubuhi yake, Jumatano, upepo ulikuwa haujakoma. Alichukua jembe na gunia, akaenda nyuma ya hoteli, akabandua ganda jeupe kwenye kingo za mfereji mpaka gunia likafika nusu. Alilifunga kwa kamba, akalitua miguuni kwa Nkoile. Kisha akajitwika madumu mawili matupu, akawafuata ng'ombe kuelekea mtoni.