Mshauri Kutoka Kinoo

Daktari aliyetuambia kwamba binti yetu ana otizimu alikuwa na ofisi ya ghorofani katikati ya jiji, yenye zulia zito na saa ya ukutani iliyopendeza kuliko maneno yake. Alimwita mtoto kwa jina, mtoto hakugeuka. Akamwita tena, mtoto akaendelea kuzungusha kifuniko cha kopo alichokuja nacho. Basi, kwisha. Tulipomwuliza tufanye nini, alitushauri tumzoee, kisha tujaribu kupata mwingine. Alisema kwa upole, kama fundi wa viatu anayekwambia soli hii haishoneki tena, mama, nunua jozi mpya. Nami nikamshukuru. Mpaka leo sijui adabu ile niliitoa wapi.

Mwongozo wa daktari uliishia mlangoni, lakini Mungu hamtupi mja wake. Kumbe mtaa wetu wa Kabiria mzima ulijaa wataalamu, nami nilikuwa nimeishi nao miaka yote nikidhani ni washonaji na wauza mboga. Jirani wa kushoto alijua kwa hakika kwamba nilikula mayai mengi nikiwa mjamzito. Wa kulia alisikitika kwamba sikuyala ya kutosha. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea wakaimba kwa nguvu zote, na mtoto wangu, ambaye hakuna alichochukia kama kelele, akakimbilia chini ya kitanda. Waliondoka na furaha kwamba pepo ameanza kuogopa. Mzee wa Kihindi aliyeniuzia vitambaa mjini alisema nimpunguzie sukari, na huyo angalau alinipimia kitambaa sawasawa.

Niliwasikiliza wote kwa sababu niliogopa. Si ugonjwa niliouogopa. Niliogopa kwamba siku moja mtu atakuja kumchukua, na kwamba nitakuwa nimechoka kiasi cha kumwachia.

Mtu huyo alikuja, na alikuwa shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye gari na maoni. Alikuwa ametafuta mahali, nyumba moja mbali sana wanakotunzwa "watoto kama hao", na ruhusa ya kuwatembelea ni Krismasi. Aliitisha kikao cha ukoo sebuleni kwangu bila kuniuliza. Heshima niliyopewa ni ya kupika chai. Wazee wakaja. Mama mkwe naye akaja kutoka Kinoo na kiondo cha nduma za kuchemsha, akaketi pembeni bila kuvua koti.

Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wala si jina tu, ni yeye mwenyewe amezaliwa tena angali hai. Tangu siku ya kwanza mume wangu alimwita binti yake "mama", na ole wako umchape yule mtoto mbele ya shosho, nyanya yake, maana umemchapa mama mkwe wako. Kila aliyekuwa sebuleni alilelewa akilijua hilo. Lakini ugonjwa ulipopata jina la kizungu, wakasahau kwamba mtoto ana jina la mtu.

Shangazi alieleza kwa kirefu. Mtoto hafai kitu, alisema, afichwe mapema kabla watu hawajauliza, asije akawaharibia ndoa wadogo zake. Wadogo hao walikuwa hawajazaliwa bado, lakini harusi zao tayari zilikuwa hatarini. Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mimi nilimimina chai ikajaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaingia kwenye kitambaa cha meza.

Mama mkwe alimaliza kikombe chake. Akafunga vifungo vya koti, akaokota kiondo, akaenda kusimama mlangoni.

"Mimi niko tayari," alisema. "Gari iko wapi?"

Shangazi akamwuliza gari ya kwenda wapi.

"Huko mnanipeleka. Si umesema mimi sifai kitu, nifichwe? Sasa twende kabla mvua inyeshe."

Shangazi alijaribu kucheka, akakosa wa kucheka naye. Mzee mmoja akakohoa, akauliza kama maziwa yamepanda bei huko Kinoo. Kwa watu wetu hivyo ndivyo kikao kinavyofungwa bila mtu kushindwa. Wakazungumzia ng'ombe hadi chai ikaisha.

Mama mkwe hakuwangoja. Alikwenda kwenye korido alikokuwa mtoto, akaketi sakafuni na koti lake zuri, akachukua kifuniko cha sufuria akakizungusha. Nilipomwita mtoto aje amsalimie shosho, alinikataza. "Wacha kumwita ukiwa mbali," alisema. "Kuja ukae hapa."

Mtoto hakumtazama. Alisogeza tu mguu wake mpaka ukagusa lile koti, akauacha hapo. Mume wangu akatoka sebuleni, akasimama akiwatazama mama zake wawili. Kisha akavua viatu vyake, akaketi.