Utomvu wa Mgomba Mkononi Mwangu

Tone jeusi lilidondoka ndani ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakati mkwe wangu mtarajiwa ameshapiga mafunda mawili. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, chungu nimekishika kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, na blauzi yangu ya mikono mirefu imelowa kuanzia kiwiko. Mzee alichomoa mrija mdomoni taratibu kama mtu anayechomoa mwiba, akautazama, akautazama mkono wangu, akampa jirani yake ule mrija. Jirani akaukataa. Mrija ukazunguka nyumba nzima ukikataliwa, mpaka ukafika kwa shangazi yangu. Yeye aliupokea akanywa, tena akavuta sana, maana watu wote mle ndani tulikuwa wawili tu tuliojua lile tone limetoka wapi.

Sasa niwaeleze lilikotoka, na nani alilileta.

Balanga ilinianza miaka ile wakimbizi wamejaa kambi ya Lukole. Ilianza kwenye dole gumba la mkono wa kulia, kidoa cheupe kama punje ya maharage, ikaenda kwenye kiganja, ikaanza kupanda. Haikuuma, haikuwasha. Kilichouma ni soko. Nilikuwa natoka kijijini kwetu Kirushya na ndizi kuuza kambini, na wateja wakiuona ule mkono wanarudi nyuma. Nikaamua kuwapa ndizi kwa mkono wa kushoto. Wakakasirika kwamba nawadharau. Wa kulia wanaukimbia, wa kushoto unawatukana, na Mungu hakunipa wa tatu.

Hata hivyo alitokea kijana wa Nyamahanga, huko Biharamulo, mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Balanga aliiona na hakujali. Alisema kwao ng'ombe wa mabaka ndiye anayependwa. Nililipokea kama neno la mapenzi, sikuwa na lingine. Shida ilikuwa baba yake, ambaye alikuwa hajaniona. Siku ilipangwa aje kwetu anitazame, nimhudumie pombe kwa mikono yangu. Akisema ni ukoma, basi, ndoa imekufa palepale.

Nikaenda hospitali ya kambini, maana hata sisi wenyeji walikuwa wanatutibu. Daktari alikuwa mgeni wa mbali, hajui Kiswahili wala Kihangaza chetu, na pembeni yake alikaa mkalimani. Huyo mkalimani ni mtu wa kwetu, kamaliza kidato cha nne, na wakati ule kidato cha nne Kirushya kilikuwa kama upadri. Daktari aliushika mkono wangu bila kuogopa, akaumulika kwa taa, kisha akaongea. Aliongea mpaka akapumzika, akaendelea, akapumzika tena. Alionyesha kwa vidole kitu kama kuchoma, akakataza kwa kiganja. Alionyesha kusubiri. Aliandika ukurasa mzima kwenye kadi yangu. Nikamgeukia mkalimani.

“Anasema si ukoma, haiambukizi,” akaniambia. “Askari wa mwili wako wanapiga watu wao wenyewe. Rangi ukitaka kuichora, inawezekana.”

“Ni hayo tu?”

“Ni hayo. Aingie mwingine.”

La askari nililielewa upesi. Sungusungu wa kijijini kwetu waliwahi kumsaka mwizi wa mbuzi wakampiga mwenye mbuzi. Lakini lile la rangi ndilo nililoondoka nalo mbio.

Nikamweleza shangazi, dada wa baba, ambaye ndiye alikuwa ananisimamia mambo ya uchumba. Alifurahi, ila wino wa dukani aliukataa. Alisema wino unatoka. Kisha akaniuliza swali moja.

“Mwanangu, umewahi kuona nguo iliyoingia utomvu wa mgomba ikatakata?”

Sijawahi. Hakuna aliyewahi. Kwetu anayekwenda kukata ndizi anavaa matambara, kwa sababu utomvu ukishagusa shati, hilo shati utazikwa nalo lina doa. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye migomba, hoja hiyo haina jibu. Kama unashinda sabuni na jiwe la mtoni, utashindwaje na ngozi?

Fundi tulimkuta karibu na soko la kambini, chini ya turubai la bluu. Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya vinyozi, na kuwachora vijana misalaba na nyoka mikononi. Alikuwa na sindano tatu zilizofungwa kwa uzi kwenye kijiti. Shangazi akatoa chupa ya utomvu, akauchanganya na masizi ya kibatari mpaka ukawa uji. Fundi akasema hiyo hajawahi kuijaribu. Shangazi akamwambia aanze leo. Nikauliza kama sindano zimechemshwa. Fundi akazifuta kwenye suruali yake, akanihakikishia kwamba wote walionitangulia asubuhi ile walikuwa watu wasafi.

Alinidonoa mpaka mchana ukapita. Mimi ni maji ya kunde. Balanga ni nyeupe. Alichokichora kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Niliondoka pale nina rangi tatu, na shangazi akasema angalau sasa nimekaribia rangi yangu.

Siku ya nne mkono ulivimba, vidole vikawa kama ndizi kisukari. Shangazi akasema utomvu unashika. Siku ya saba ukaanza kunuka. Akasema ndiyo unamalizia kushika. Siku ya kumi wakwe wakafika, nikavaa blauzi ya mikono mirefu juani, nikapiga magoti na chungu, kidonda kikapasuka. Hilo ndilo tone mliloliona.

Wageni waliaga kwa adabu kubwa sana, na kwa adabu ile nikajua. Kijana alibaki nyuma kidogo kwenye migomba, anatazama viatu vyake. Akasema, “Baba anasema tungoje kwanza, tuone kama itafika usoni.” Nikamjibu angojee kwao. Mpaka leo haijafika usoni. Yeye hakungoja.

Homa ilinipanda, nikafungwa kwenye baiskeli kama mzigo, nikarudishwa hospitali. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima. Alipasua, akakamua, akaniambia nimshukuru Mungu mkono unabaki. Kisha akauliza nani alinishauri nichorwe. Nikasema daktari. Akaitaka kadi. Nilikuwa nimeitunza chini ya godoro isichafuke. Mimi niliishia darasa la tatu, na ile kadi ilikuwa kwa lugha ya daktari. Yule mama akaisoma, akanitafsiria pole pole.

“Asichanje wala asichome popote kwa sasa. Balanga yake bado inatembea, na kila penye kidonda itafuata. Ikitulia mwaka mzima, aje. Tutajaribu kidoa kidogo kwanza, kwa wino unaojulikana, na sindano mpya itakayofunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yake. Kisha asubiri tena.”

Akaniuliza hiyo sindano iliwachoma wangapi kabla yangu. Nikasema sijui, walikuwa watu wasafi. Hakucheka. Miaka ile kila mtu aliujua ule ugonjwa, na kila mtu alikuwa ameuzikia mtu. Akaniambia damu itapimwa, na itapimwa tena baada ya miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu siwezi kuisimulia kwa utani. Nilikuwa nakunywa maji kwenye kikombe changu peke yangu, nakificha juu ya dari.

Damu ilitoka safi. Balanga nayo ilifanya kama ilivyoandikwa: kila alipochoma fundi, ikaja na pete nyeupe kuzunguka ule weusi, ikapanda mpaka kiwiko. Watoto wa jirani huwa wananiomba niwaonyeshe.

Sasa wahusika. Fundi aliondoka na turubai lake, popote alipo achemshe sindano. Shangazi nimemsamehe, alikunywa lile tone. Mimi mwenyewe nilikuwa na haraka ya kuolewa, hilo nakubali, msinitafutie utetezi.

Amebaki mkalimani. Hakuhama, hajafa, tunamwona kila Jumapili. Ndiye anayesoma matangazo kanisani, na siku hizi anayasoma yote mpaka mwisho, hata la mbuzi aliyepotea anataja na rangi ya pembe. Nimeshamfuata mara mbili. Mara ya kwanza alisema hakumbuki. Mara ya pili alisema foleni ilikuwa ndefu siku ile.

Foleni naijua, mimi ndiye niliyepanga. Ninachotaka ajibu ni kimoja, na ajibu mbele ya watu: bwana, daktari alinipa ukurasa mzima, wewe ukanipa maneno ya kinywa kimoja. Mengine yalikuwa yangu. Uliyapeleka wapi?