Mjukuu wangu alivyonikatalia nisimkamulie majani jichoni

Ule mwaka mnyauko ulipomaliza migomba, sisi wa Ntobeye tukala ugali wa muhogo mpaka Krismasi, ndio mwaka wa habari hii.

Wakuu, salamu kwenu. Niliishia darasa la tatu, ila uongo sikufundishwa.

Mjukuu wangu Editha, mtoto wa binti yangu, yuko kidato cha tatu. Vitabu shuleni vichache, notsi wanatumiana kwenye simu. Nikampa yangu. Likizo nzima kaiinamia, skrini inagusa pua, kope hapepesi hata inzi akitua.

Macho yakawa mekundu, yanawasha. Shule ilipofunguliwa, ubao hauoni mpaka asogee mbele.

Nikajua simu imeyaunguza. Kwetu jicho likiuma tunakamulia majani. Nikayatwanga, nikamwita mbele ya majirani waliokuja kunisaidia kupura maharage.

"Lala hapa nikukamulie."

"Nakuheshimu bibi, lakini jichoni hapana."

Wanawake wakaguna. Mama Deo, jirani yangu, akacheka: "Haya, daktari huyo! Mkandamize, atalala tu."

Nikamshika kichwa. Hakukimbia, hakutukana. Kafumba macho, kaniuliza polepole: "Lako la kushoto, bibi, lilikamuliwa na nani?"

Nikamwachia kichwa, wakuu. Jicho hilo lina doa jeupe kama maziwa yaliyoganda. Marehemu mama alinikamulia nikiwa mdogo, kwa mapenzi yote. Halioni mpaka leo.

Nikayamwaga majani palepale, kuku wakashangaa.

Kesho yake tukapanda gari hadi hospitali. Mtaalamu wa macho akasema simu haijaunguza kitu. Kukodoa bila kupepesa kumemkausha macho, akampa matone. Tena haoni mbali, anahitaji miwani, na kuinamia vitu vya karibu muda mrefu huenda kumechangia. Simu aishike mbali kidogo, apumzike mara kwa mara atazame milima, mchana atoke nje.

Sasa miwani imemkaa, ubao anausoma akiwa nyuma kabisa.

Najivuna, sifichi. Binti mdogo kasimama peke yake mbele ya wanawake wazima sita, na mkali wao ni mimi!

Nilichojifunza: jicho likisumbua, hospitali. Majani wapeni mbuzi.

Nanyi mnaousoma uzi huu mmeinama, pepeseni kope kwanza, ndipo mtoe maoni. Ila asije mtu humu kunielekeza majani ya kwao. Editha ameshamjibu:

"Nakuheshimu bibi, lakini jichoni hapana."