Mlimau wa Bi Norma

Iko siku moja, mwanangu, Jumanne ya mwezi wa saba, ambayo haijanitoka kichwani ingawa nimesahau mengi makubwa kuliko ya siku hiyo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara ndogo kule Fairfield, mtaa mwingine wa mji huu wa ugenini, kamera ya mtu mwingine ikining'inia shingoni, natazama nyumba ambayo haikuwepo. Nitakueleza jinsi nilivyofika pale, na upumbavu nilioufanya baadaye. Naona siku hizi nanyi vijana mnazitafuta tena zile kamera za filamu, mnazitoa kwenye maduka ya mitumba hapa Blacktown na kuniuliza filamu inawekwaje. Kuweka filamu nitakufundisha kwa dakika tano. Hili lingine lilinichukua muda mrefu zaidi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka kwetu Taita kuja kusomea uuguzi, tukapanga chumba kimoja wasichana watatu, na siku zisizo na masomo nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko ndiko nilikomkuta Norma. Wenzangu wote walimwita Norma tu, hata walio wadogo kwangu, lakini ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri wa nyanya yangu kwa jina tupu. Nikamwita Bi Norma, nikamweleza maana yake. Alicheka, na kuanzia hapo akawa anaitikia.

Alikuwa amepiga picha miaka arobaini: maharusi, watoto wa ubatizo, wanafunzi waliopangwa mistari. Nilipomkuta, macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Akikutazama usoni aliona masikio na mabega, uso haupo. Kitu alichotaka kukiona alikisogeza pembeni na kukitazama kama mtu anayechungulia. Lakini kamera yake ya zamani alikuwa nayo bado kwenye droo, ndani ya mfuko wa ngozi, chuma kitupu, haina hata betri.

Asubuhi moja, nikimvalisha soksi, nilimwambia kwamba mama yangu ameandika kuomba picha. Nilisema hivyo ili kupitisha wakati tu. Akaniamuru nifungue droo.

Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza zamu nilikaa naye saa nzima. Aliushika mkono wangu na kuuweka mahali pake, kidole hiki hapa, hiki pale, mpaka nikaweza kuivuta filamu na kuzungusha lenzi nimefumba macho. Na kila mara, kabla sijabonyeza, alitaka niseme kwa sauti ninachokiona. Nikisema naona bustani nzuri, alinirudisha mwanzo. Neno nzuri halikumsaidia kitu. Alitaka kujua mwanga unatoka upande gani, na kama kile kiti cha nje bado kina mguu uliopinda. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Mwezi mzima nilipiga kumi na moja.

Nilizipenda sana saa zile. Sikuwa na mtu mwingine katika mji huu aliyetaka kujua ninaona nini. Jumapili kanisani watu waliniuliza masomo yanaendeleaje, nikasema vizuri, yakaisha. Nikilala niliota ukungu wa kwetu ukishuka mlimani asubuhi, nikaamka nasikia treni.

Sasa, nyumba ile ya Fairfield ilikuwa yake. Mtoto wake wa pekee, Graham, mtu mzima mwenye mvi, aliiuza baada ya kumleta kwa wazee. Bi Norma hakulalamika, ila alinisimulia habari za mlimau uliokuwa karibu na ngazi za nyuma, ambao marehemu mumewe aliupanda mwaka waliohamia pale. Julai ndio mwezi wake wa kuzaa. Akaniomba niende, nibishe hodi kwa heshima, niwaombe wenye nyumba wapya nipige picha ya mti ule. Ikisafishwa kwa ukubwa, ataweza kuishika kando ya jicho na kuona japo umbo lake.

Ndiyo nikapanda treni Jumanne hiyo. Namba ya nyumba niliiona kwenye sanduku la barua, nalo ndilo pekee lililosalia. Nyuma yake kulikuwa na uzio wa waya, rundo la mbao na matofali, na tingatinga limesimama bila mtu. Mlimau ulikuwa umelala ubavu, mizizi juu, malimau yake yamekanyagwa kwenye tope.

Nilipaswa kuinua kamera. Kila alichonifundisha kilinitaka niinue kamera. Lakini niliufikiria uso wake, nikaona siwezi kumpelekea kitu kile.

Nyumba ya tatu kutoka pale kulikuwa na mama mzee wa Kivietinamu akifagia, na uani kwake mlimau umejaa matunda. Nilimwomba kwa mikono zaidi ya maneno. Alikubali, akanichumia malimau mawili ya kuondoka nayo. Nikapiga picha nne za mti wake. Zilitoka safi sana, mwanangu. Mpaka leo sijui kama nimewahi kupiga picha iliyotulia kuliko zile.

Picha ziliposafishwa nikampelekea pamoja na malimau. Aliyanusa, akalia kwa furaha. Akauliza mti umekua kiasi gani, nikamwambia. Akauliza kama rangi ya ngazi bado ni kijani, nikasema ndiyo, imechujuka kidogo. Hilo la kuchujuka nililiongeza ili aamini. Nilitoka mle chumbani najiona mtu mwema.

Jumapili, Graham alinikuta kwenye ujia. Alinishukuru kwa sauti ya chini kwa zile picha alizoziona kwa mama yake. Kumbe alijua kuwa nyumba imebomolewa, naye alikuwa akimficha mama yake. Akasema tumefanya vyema sisi wawili. Nilipomsikia akisema sisi wawili, niliaga haraka nikaenda kukusanya vikombe vya chai.

Zilipita wiki mbili. Masomo ya kamera yaliendelea, ila Bi Norma aliacha kuniuliza ninaona nini. Nilibonyeza tu. Halafu siku moja, nikimkunjia blanketi, aliniomba nikae.

"Malimau ya Arthur yalikuwa na maganda manene, yana vinundu," alisema. Arthur ndiye mumewe. "Uliyoniletea ni laini. Nililijua hilo siku ya pili. Nimekungoja wewe useme."

Nililikunja blanketi lile mara ya pili.

"Ulifika kwangu?"

"Nilifika, Bi Norma."

"Basi niambie ulichokiona."

Nikamwambia yote, uzio, tingatinga, mizizi juu, malimau kwenye tope. Alinisikiliza amegeuza shavu, kama alivyozoea akitaka kuniona. Kisha akasema, bila hasira, maneno ambayo nayabeba mpaka leo:

"Graham ananidanganya kwa sababu ananiogopa. Nimemzoea. Lakini wewe nilikutuma uwe macho yangu. Mti umekufa, na hilo ningelilia siku moja, mbili, nikamaliza. Wewe umenifanya nifurahie mti wa mtu mwingine, na wa kwangu ukafa bila mimi kuulilia."

Niliomba msamaha. Hakusema nimekusamehe. Alisema nirudi Fairfield.

Nikarudi. Safari hii nilikuta zege limemwagwa kiwanja kizima, jeupe, tambarare. Mti ulishaondolewa. Nilipiga picha za zege lile na ua wa nyuma wa mbao uliosalia, wenye mmea wa pasheni uliokauka nusu. Nilipomletea, aliishika picha kando ya jicho kwa muda mrefu, akauliza, nami nikajibu, kimoja kimoja, bila kuongeza wala kupunguza. Akalia. Nilikaa naye hadi wakamletea chakula cha mchana. Katikati ya kilio akaanza kunisimulia jinsi Arthur alivyokuwa akimwagia mti ule maji ya kuogea kila jioni, na nikatambua kwamba hajawahi kunisimulia chochote juu ya mume huyo ila jina lake na kwamba ndiye aliyeupanda.

Mwaka uliofuata nilipelekwa kufanya mazoezi ya uuguzi katika hospitali ya mbali. Niliporudi kumsalimia, kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Kamera ilipoishia sijui. Zipo siku nikipita Fairfield kwa treni nageuza shavu dirishani kama yeye, nikitazama kwa pembeni, na nasikia hamu ya kuulizwa tena, unaona nini.

Lakini kabla Bi Norma hajafariki, lile kosa lilikuwa limenisukuma kufanya jambo moja. Kila barua ya nyumbani ilisema mama mzima, anakusalimu. Nikamwandikia kaka yangu Mwakio: usinifiche, tafuta mtu mwenye kamera, nipigie picha ya mama kama alivyo leo. Picha ilikuja baada ya miezi miwili. Mama alikuwa amekonda, koti nililomtumia limemning'inia mabegani, na mkono mmoja ameshika nguzo ya baraza ili asimame. Nililia mpaka wenzangu wakaja kunishika. Kisha nikaenda chuoni, nikaomba ruhusa, nikasafiri. Nilikaa na mama wiki sita. Nilimwosha, nilimlisha, tulicheka. Hatukuonana tena. Leo nikimkumbuka, na namkumbuka kila siku inayokuja, namkumbuka yeye mwenyewe, si salamu za kwenye barua.

Kwa hiyo, mwanangu, unaponiomba nikufundishe kamera, hili ndilo ninalokuomba kwanza. Mtu akikutuma ukamtazamie, mwambie ulichokiona. Usimchagulie cha kujua kwa kuwa wewe unamwonea huruma. Mara nyingi unayemwonea huruma pale ni wewe mwenyewe, hutaki kuwepo akilia. Mpe ukweli kwa upole, halafu usikimbie, kaa naye. Na ukipiga simu kwenu, usiseme "niko sawa" kama huko sawa. Waulize nao wakuonyeshe mama anavyotembea, si anavyotabasamu tu kwenye simu. Sisi tulioko mbali tunaishi kwa macho ya wenzetu, na macho hayo yakitudanganya tunabaki tunawapenda watu ambao hawapo.

Mungu akulinde katika mji huu. Akupe watu watakaokuambia kweli, na kifua cha kuipokea. Na siku utakayopanda ndege kurudi kwenu, akujalie umkute mama yako amesimama mlangoni.