Siku Niliyokuwa Mwenye Nyumba

Usiku ule sikulala. Bi Aneli alitoka Bongwe alfajiri kwenda Mombasa, ofisi ya uhamiaji, kuulizia kibali chake, na mpaka isha ikaadhiniwa alikuwa hajarudi. Simu yake haipatikani. Niliketi jikoni mwake, taa ya nje nimeiwacha inawaka, na kila gari lililopita nilisimama. Nilimwombea arudi salama. Hapo hapo, Mungu anisamehe, nikaomba asirudi upesi. Habari atakayokuja nayo mimi nilikuwa naijua, na yeye alikuwa hajui chanzo chake.

Jina langu ni Mbeyu. Nilizaliwa Kikoneni, nikasoma hadi darasa la sita, nikaolewa Bongwe na Salimu, ambaye alifariki binti yetu Yusra akiwa na miaka minne. Tangu hapo nimefua nguo za watu, nimepika mahamri ya kuuza, nimefagia nyumba za wageni Diani. Kwangu ni vyumba viwili vya udongo na paa la makuti. Kwa hilo sijaona haya hata siku moja, au ndivyo nilivyokuwa nikijidhania.

Bi Aneli ni Mholanzi wa miaka sitini na minane. Kwao aliuza miwani miaka arubaini. Hii niliyovaa ni yeye aliyenipimia, akanitengenezea fremu kwa mikono yake. Alikuwa akija Diani kila mwaka na mumewe. Mume alipofariki, aliuza nyumba yao ya kule, akapanga nyumba hapa Bongwe kwa mtu mmoja anayeishi Nairobi, akanichukua nimfanyie kazi. Ni nyumba nzuri, ina baraza pana na sakafu ya vigae.

Lakini aliingia nchini kama mtalii yeyote, kwa ruhusa ya miezi mitatu. Akaongezewa mingine mitatu. Sasa alikuwa anataka ibadilishwe iwe kibali cha mstaafu, akiwa humu humu, bila kurudi kwao.

"Mgeni ana tarehe ya kuondoka, Mbeyu," aliniambia siku moja, karatasi zake zimejaa mezani. "Mstaafu anakaa."

Karatasi alizipata zote: barua ya pensheni, cheti cha polisi wa kwao, mkataba wa nyumba, picha. Lililobaki ni maafisa kuja kuona kama kweli anakaa pale alipoandika. Siku ya kuja hawakumwambia.

Basi huku, Yusra akapata mchumba. Amin, kijana wa Msambweni, fundi wa majokofu, mtu mkimya. Watu wake wakatuma habari kwamba Jumamosi wataleta posa. Wiki hiyo hiyo mvua iliangusha ukuta wangu wa upande wa jikoni. Nikawa sili. Bi Aneli aliniona, akauliza, nikamweleza.

"Wapokee hapa," akasema. "Mimi nitakwenda Ukunda nisiwasumbue. Baraza ni kubwa."

Yeye aliniazima baraza. Mimi nikachukua nyumba nzima.

Asubuhi ya Jumamosi, akisha kuondoka, niliitoa ukutani picha yake na mumewe, nikaisukuma ndani ya droo chini ya vitambaa vya meza. Kofia yake ya jua na viatu vyake nikavitia chumbani, nikafunga mlango. Hakuna aliyenituma. Nilifanya haraka haraka kama mwizi, na nikajiambia ni usafi tu.

Wageni walikuwa wanne. Mkubwa wao Mzee Issa, baba mkubwa wa Amin, pamoja na Bi Fauzia, mamake Amin, na mashangazi wawili. Tukasalimiana, tukaulizana afya mpaka ya mbuzi. Nikawatolea tambi na kahawa. Bi Fauzia akaangalia dari, akaangalia sakafu.

"Mashallah, Mama Yusra. Nyumba ina hewa hii!"

Hapo ndipo ningesema ni ya Bi Aneli. Maneno manne tu. Mimi nikasema, "Alhamdulillahi."

"Na huyu Amin na kimya chake chote," Mzee Issa akatania, "kumbe alikuwa anapima baraza!" Mashangazi wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

Kahawa ya pili ilikuwa haijamiminwa tuliposikia hodi. Mwanamume na mwanamke, nguo za ofisi, mwanamke kashika faili. Beji yake imeandikwa Caroline.

"Hamjambo? Tumetoka uhamiaji. Tunamtafuta mama mmoja Mholanzi, Annelies. Wewe mama ni nani hapa?"

Sijafungua kinywa, Mzee Issa akanijibia kwa heshima zake zote: "Huyo ndiye mwenye nyumba, mwanangu. Karibuni kahawa."

Afisa Caroline akanigeukia mimi. "Na huyu mzungu, anaishi hapa?"

Macho manne ya mashangazi, ya Bi Fauzia, ya mzee, yote yalikuwa kwangu. Nikasema, "Ni mgeni wetu tu. Huja akakaa siku mbili tatu, akaenda zake. Mwezi ujao anarudi kwao."

"Vyombo vyake viko hapa?"

"Hana vyombo."

Akaandika. Akaniuliza jina, nikampa, akaliandika pia. "Asante, mama mwenye nyumba," akasema, wakaenda zao.

Jioni Bi Aneli alirudi na boksi la keki, anatabasamu tangu getini. "Wamemkubali Yusra?"

"Wamemkubali."

"Kuna mtu mwingine aliyekuja?"

"Hakuna."

Picha nilikuwa nimekwisha kuirudisha ukutani. Ilikaa upande kidogo, akainyoosha mwenyewe, hakuuliza kitu.

Wiki tatu nilikaa na hilo. Kila gari lilinitoa jasho. Nilijua natakiwa kusema, na kila asubuhi nikasema kesho.

Usiku ule niliouanza kuusimulia, alifika saa nne kasorobo. Simu ilikuwa imeisha chaji, feri ilikuwa na msongamano. Akaketi bila kuvua mkoba begani.

"Wanasema siishi hapa," akasema. "Walikuja, wakamkuta mwenye nyumba, akawaambia mimi ni mgeni. Mwenye nyumba yuko Nairobi! Nimewaambia walikwenda nyumba nyingine, lakini faili limesimama. Nina siku tisa, Mbeyu. Wasipolifungua niondoke, na kule sina hata kitanda." Akanywa chai niliyomwekea. "Labda walikwenda kwa jirani. Wewe hukuona gari?"

Alikuwa anatafuta kosa kwa kila mtu isipokuwa mimi, na hilo ndilo lililonishinda kuvumilia.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mwenye nyumba. Siku ya posa. Ni mimi niliyewaambia."

Akacheka, akidhani namfanyia mzaha kumchangamsha. Halafu akanitazama, na kicheko kikamwisha. Nikamweleza yote, mpaka picha kwenye droo. Alikuwa amekiweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Ungeniambia jioni ile ile ningewapigia simu," akasema polepole. Kisha, "Nyumba kuwa yako, hiyo ingenichekesha. Lakini ulisema sina vyombo."

Akaingia chumbani kwake, nikasikia ufunguo. Tangu nimjue, hajawahi kufunga mlango ule kwa ufunguo nikiwa ndani.

Asubuhi nilimwekea chai mlangoni. Ilibaki pale pale, ikaota utando. Nikasikia zipu ya sanduku.

Kabla ya kwenda kwa maafisa nilikwenda Msambweni, kwa sababu sikutaka watu wa Amin walisikie kwa mwingine. Njiani nilijifunza maneno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Bi Fauzia alikuwa anachagua mchele uani. Nilipomaliza kusema, aliendelea kuchagua.

"Tulikuwa tunajua, Mama Yusra."

"Mlijuaje?"

"Amin si ndiye aliyekutilia viraka vya makuti mwaka jana? Kwako anakujua. Halafu mwenzangu, ulikuwa umekaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja gari."

"Mbona hamkusema? Mzee Issa mwenyewe ndiye aliyeniita mwenye nyumba!"

"Issa alikusitiri. Ulitaka akuumbue mbele ya watu wa serikali? Sisi tulikuja kwa ajili ya Yusra, baraza tulikuta tu." Akapuliza makapi. "Keti ule."

Viraka vile nilikuwa nimevisahau kabisa. Sikuweza kula. Nilitamani angenitukana. Yule mzee alinifunika kwa heshima, nami nikaifanya heshima yake ukuta wa kujifichia. Nyumba niliyomwibia Bi Aneli ilikuwa haina hata mtu wa kuonyeshwa.

Siku ya pili nikapita mlangoni kwa Bi Aneli. "Bi Aneli, shikamoo. Nakwenda Mombasa kuwaambia mwenyewe." Nikaenda.

Ofisini nilikaa benchi moja na watu kama kumi na tano. Afisa Caroline alipotoka na faili, aliita kwa sauti: "Yuko wapi mama mwenye nyumba wa Bongwe?"

Watu wakageuka. Nilisimama. "Mwenye nyumba si mimi, mwanangu. Mimi ni mfanyakazi. Nafua, napika. Yule mama anaishi pale na vyombo vyake vyote. Siku ile nilikuwa na wakwe, nikasema uongo."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Afisa hakucheka.

"Unajua uongo huo ni kosa? Ungeweza kumfukuzisha mtu."

"Najua."

"Hujui, mama. Ungejua usingengoja wiki tatu." Akanipa karatasi na kalamu. Niliandika kwa herufi zangu kubwa, nikavua miwani mara mbili kuifuta. Alipoisoma akasema, "Alhamisi tutarudi. Tukikuta kweli ni makaazi yake, faili linaendelea. Tukikuta amehama, basi."

Habari hiyo nilimpelekea Bi Aneli mlangoni pake pia, nikiongea na mbao. Akajibu neno moja, "Nimesikia." Siku zile zote alitoka nikiwa sokoni, akala mkate mkavu, sahani akaiosha mwenyewe ili nisiiguse. Jumatano niliona ukutani pale palipokuwa na picha pana msumari mtupu. Nikajua iko sandukuni.

Alhamisi saa nne nikasikia hodi. Afisa Caroline na mwenzake. Niliwakaribisha barazani, nikawatolea maji, nikabaki nimesimama.

"Yupo?" akauliza.

"Yupo."

"Mwite."

Nikaenda kwenye mlango wa chumba. Nikabisha. "Bi Aneli, maafisa wamefika."

Nyuma yangu kalamu ikabofywa. Nikabisha tena.

"Wageni wako wako barazani, mwenye nyumba," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Wanakungoja uwakaribishe kwako."

Nilisikia sanduku likiburutwa, sikujua linaburutwa kwenda wapi. Halafu ufunguo ukageuka. Nikasogea kando na kuinamisha macho, na mlango ukafunguka. Bi Aneli akatoka pekupeku, ile picha yake na mumewe mkononi. Akanipita bila kunitazama, akaitundika msumarini, akaenda zake barazani.