Tambuu Ninayomkunjia Mume Wangu

(Mwenye kisa hiki ni bibi mmoja wa Likoni. Jina lake limebaki kwetu, ninyi mleteeni shauri.)

Salamu kwenu wasomaji. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, nimeolewa, na nyumba yetu iko upande wa Bofu. Sina mtoto. Mimba mbili zimeniharibika, sasa nina ya tatu, na wallahi siku hizi sikai nikatulia. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naenda kisimani na mtungi umejaa. Mwenye kunitambua humu, namwomba anisitiri.

Mume wangu ni kibarua wa meli. Huvuka feri alfajiri akakwangue kutu, kisha apake chuma ile rangi nyekundu ya kwanza. Tangu vita hivi vianze meli haziishi, na kazi haiishi. Jioni hurudi mwekundu toka kope hadi vidole vya miguu, na mavyaa wangu, yaani mamake, humcheka: "Bwana harusi kapakwa hina!" Mimi ndiye ninayezikung'uta nguo zile uani, kisha nikazifua. Nguo za kubadilisha hazipatikani siku hizi, basi ni zizo hizo kila siku.

Mwaka huu daktari wa kazini ameanza kuwapima vibarua. Hana haja ya sindano wala mkojo. Huwapanga foleni, akawainua mdomo na kuwatazama ufizi. Aliwaeleza kwamba rangi ile ina risasi, madini yale ya kuyeyusha, na vumbi lake likizidi mwilini, ufizi hupigwa mstari wa buluu pale unapokutana na meno. Baadaye tumbo husokota, na mwishowe mikono hulegea. Mwenye mstari huondolewa akapumzike. Lakini kibarua akipumzika halipwi, na kesho yake nafasi ina mtu mwingine.

Siku alipowaeleza hayo, foleni haikumfikia mume wangu; alirudi, akanishika mkono akanipeleka dirishani. "Hebu nitazame kanwani." Nikatazama. Mstari ulikuwapo. Akacheka cheko la uongo, akasema, "Bibi, kijaluba cha tambuu cha mama ki wapi?"

Yeye hakuwa mla tambuu. Alikuwa akiwatania watafunaji kwamba wana vinywa vya kuku aliyechinjwa. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayemkunjia: jani, chokaa, popoo, na katu nyingi, ili ufizi ugeuke mwekundu daktari asione kitu. Na amepita kweli. Lakini tumbo humkaza hadi akajikunja, na kikombe cha chai sasa hukishika kwa mikono miwili. Nikimwambia aseme ukweli hanifokei, hunijibu kwa upole, na upole huo ndio unaoniumiza zaidi. "Mke wangu, nikiachishwa, huyo mtoto akija atakula nini?"

Juzi nilikwenda zahanati kwa ajili ya mimba. Muuguzi, mama wa makamo, alinifunua jicho, akanifunua mdomo, akasita.

"Mwanangu, wewe wafanya kazi ya rangi?"

"La, mama. Mimi ni wa nyumbani."

"Na mumeo?"

Nikasema mkulima. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiri.

"Basi huyo mkulima wako alima chuma," akasema. "Una mstari wa risasi ufizini, mwembamba kama uzi. Vumbi la nguo latosha. Na haliishii kwako, humfika mtoto tumboni. Ushawahi kuharibikiwa na mimba?"

Nikajitanda leso yangu, nikatoka. Nililia njia nzima. Miaka yote hii mavyaa amenipeleka kwa walimu nikanywa makombe ya aya za Kurani, akidhani ni jicho la watu, nami nikiamini. Kumbe msiba wangu nilikuwa nikiukung'uta uani kwa mikono yangu mwenyewe.

Mume wangu bado sijamwambia. Nguo zake nimeziacha kwenye karai, na mavyaa ameanza kusema nimeota uvivu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mke anayemfichia mumewe. Nikienda kwa daktari, riziki imekatika, na huenda ndoa nayo. Nikinyamaza, naogopa mimba hii itakwenda kama zile mbili, na mume wangu ataifuata.

Daktari anarudi mwisho wa mwezi. Leo asubuhi mume wangu ameniwekea kijaluba mapajani. "Nikunjie nzuri, bibi. Katu usiionee choyo." Popoo nimeikata, jani liko mkononi, na sijalikunja. Yeye tambuu itamficha. Mimi sitafuni, kichefuchefu hakiniruhusu, na mstari wangu uko wazi kwa yeyote atakayeutazama. Nishaurini, ndugu zangu. Nilikunje jani hili, au siku hiyo nivuke feri pamoja naye, nisimame kwenye foleni ile ya wanaume, niinue mdomo wangu mwenyewe?