Ushuru wa Ufuta na Mtani Wetu

Maji ya Fukayosi yalinitoa machozi mapema kuliko mume. Mimi mtoto wa Bagamoyo mjini, kisima kipo uani kwetu, unateremsha ndoo huku unapiga soga na jirani. Nikaolewa Fukayosi, na fungate ilipokwisha tu mama mkwe akanikabidhi mtungi, akanionyesha njia. Njia yenyewe haiishi. Ukifika unakuta dimbwi, na nguruwe pori wamekutangulia kuoga. Nikamwambia mume wangu waziwazi kwamba masika yakinikuta bado nachota tope, narudi kwa mama yangu. Alicheka, kisha akaona mwenzake sicheki.

Kisima tulikuwa tumeahidiwa. Bomani walisema ushuru unaotozwa gulioni kwa kila mzigo wa ufuta na korosho hauliwi na mtu. Sehemu yake itarudi kijijini ichimbe kisima cha saruji. Ila kijiji ambacho ushuru wake hautatosha, mafundi watapelekwa kwa jirani. Basi huenda nilikuwa mtu pekee pwani nzima aliyefurahi kuona wenzake wakitozwa ushuru.

Balaa likawa karani wa ushuru mwenyewe. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, na watu hawa wawili ni watani tangu zama za misafara ya pembe. Mtani hakasirikiwi. Atakusema, utamsema, atamkamata kuku wako uani, nawe utacheka. Sasa mama mkwe wangu alijaliwa ulimi. Alifika pale penye mizani, mzigo wa ufuta kichwani, akamuuliza karani kama amesahau kwamba babu yake alishuka na pembe kutoka bara akala mihogo ya kwetu bure, na mihogo ile haijalipwa mpaka leo. Sasa nani amtoze nani hapa? Gulio zima likaangua kicheko. Karani, mtu wa watu yule, akacheka mpaka akashika mbavu, na mzigo ukapita.

Gulio lililofuata kila mwenye ufuta alikuwa na babu aliyegawa mihogo. Hata Wakwere, ambao utani wao na Wanyamwezi sijui waliutoa wapi siku hiyo. Nilikuwa nawaka moto. Lakini mkwe humkaripii, basi hasira zangu zikaishia kwenye sufuria, nikizigonga jikoni mpaka mume wangu akauliza kuna nini.

Mavuno yalipokaribia kwisha, karani alikuja nyumbani, safari hii uso umemkauka. Akamweleza mama mkwe taratibu kwamba bomani wameona ushuru wa Fukayosi ni kiduchu, na kama hautafikia kiwango, mafundi watakwenda kwingine. Mama akadhani ni yaleyale, akamwambia Wanyamwezi hawajui kudanganya, akajifunze kwanza. Karani akaaga akaondoka. Mimi nikaingia chumbani kufunga nguo zangu, na sikumficha mtu.

Kabla sijaondoka tukafikwa na msiba. Kaka yake mama mkwe alifariki, mzee aliyependwa, na watu wakajaa uwanja mzima. Wanawake tulikuwa barazani tukilia jeneza lilipotolewa. Mara likasimama. Karani wa ushuru alikuwa amelala chali katikati ya njia, amejifunika uso kwa kofia yake ya kazi.

Hiyo ni haki ya mtani. Msibani huzuia jeneza mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka kidogo katikati ya kilio chao. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuyapenda mambo hayo, akageukia upande wa pili. Watu wakamrushia senti. Hakuinuka. Wakamwongeza. Wapi! Akasema kutoka chini ya kofia:

"Sitaki senti za msiba. Nataka ushuru wa ufuta. Wote."

Mama mkwe alikuwa na machozi mashavuni. Akamtazama mtu yule aliyelala vumbini, akacheka kicheko kilichochanganyika na kwikwi, kisha akawa wa kwanza kufungua pindo la kanga. Baada ya hapo nani angebaki nyuma? Wanaume wakapapasa mifuko ya kanzu, wengine wakarudi mbio majumbani. Kofia ikajaa, jeneza likapita. Mimi nilifurahi msibani, Mungu anisamehe.

Kisima kikachimbwa kabla ya masika. Nguo zangu nikazifungua, nikazaa, nikalea, nikazoea.

Karani naye alizeeka kwetu, mbali na kwao, na alipofariki ikawa zamu yetu. Mama mkwe, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alinituma kisimani nilete maji ya kumwoshea. Jeneza lilipotoka, tukamwona amesimama mlangoni, mkongojo kauweka kingamo. Watu wakaanza kutabasamu. Walijua leo karani atakiona cha moto.

Mama alisimama vile, akilitazama jeneza. Kisha akauondoa mkongojo.

"Mpisheni," alisema. "Mihogo ya babu yake keshailipa."